Pua ya Roketi

Usiku ule nililala na hasira, hata soksi sikuvua. Roketi nayo ilikuwa imelala sebuleni, juu ya viti vya plastiki vilivyopangwa mstari, ndefu kuliko mimi na mke wangu tukiunganishwa. Asubuhi gari la chuo lingekuja kuichukua ikasimikwe kwa zege pale getini, iwe kumbukumbu ya rafiki yangu Mika. Fundi rangi wao alikuwa ameshapita mchana. Aliipiga pati, akaisugua msasa, akaipaka nyeupe, kisha akaandika kiunoni kwa herufi za kupendeza: MAREHEMU MWALIMU MIKA.

Tuliijenga kwa miaka, katika banda la gari nyuma ya nyumba yake, hapa hapa Dodoma. Yeye Mgogo, mimi Mhehe, yaani watani. Hatukugundisha pezi hata moja bila kutukanana. Kiunoni mwa roketi tulitoboa matundu madogo, ya kupita sindano nene, na ndani tukaweka kifaa kinachopima hewa. Kwa kupitia matundu hayo kifaa hujua roketi imefika juu kabisa, nacho hufyatua parachuti. Yakizibwa, roketi inarudi ilivyokwenda, kichwa mbele, kama jiwe. Mimi niliyaita kwa jina refu la kitabuni. Mika alicheka mpaka akakaa chini. "Kitu kinavuta hewa, mtani. Ni pua hiyo. Mhehe ukimpa shahada anasahau hata pua!"

Chuo tulichofundisha wote wawili kilikataa kutuombea kibali cha kuirusha. Watu wazima wanachezea fataki, walisema. Wakaja kukiomba Mika alipolazwa hospitali, kwa huruma, na kibali kikafika tukiwa tunakunja maturubai ya msiba. Hapo wale wale waliotucheka ndio wakaja na wazo la zege. Kwenye kikao nilikuwa na mengi ya kusema. Msomi mimi, nikasema, "Nitatafakari." Mwenyekiti akanipigapiga bega: "Tunaelewa uchungu wako, Mwalimu."

Hakuelewa kitu. Uchungu uko wapi? Ilikuwa hasira, na nusu yake ilikuwa kwa Mika mwenyewe, aliyekufa kwa kikohozi akaniachia lidude lisilopita mlangoni mpaka likatwe kona.

Basi nikalala, nikajikuta bandani. Harufu ni ile ile ya gundi. Kwaya iliimba nje, polepole, kwa utamu ule wa misibani unaomfanya kila aliyekufa awe malaika. Nikageuka kutafuta koleo, na banda si banda tena, ni kanisa, na roketi iko mbele, mahali pa jeneza, imetandikwa maua ya plastiki. Mwenyekiti anasoma wasifu. Anasema marehemu alikuwa mpole. Mika, mpole! Nataka kusimama nipinge, lakini viatu vyangu vimegandishwa sakafuni kwa gundi yetu wenyewe.

Mika ameketi kando yangu. Amevaa suti tuliyomzika nayo, na puani ana pamba, kama walivyomwekea. Amekunja uso.

"Mtani," anasema, sauti ya mtu mwenye mafua makali. "Nani kaniziba pua?"

"Ni pamba, Mika. Kila maiti huwekwa."

"Nakuuliza nani kaniziba pua, we unanifundisha umaiti!"

Watu wanageuka. Mwenyekiti anainua macho kwenye karatasi. "Marehemu, tafadhali," anasema. Mika anamwonyesha ngumi.

Nami nikapandisha sauti. "Hasira za nini? Aliyeondoka nani? Nilikwambia nenda hospitali, ukasema kikohozi cha Mgogo dawa yake ubuyu! Ubuyu, Mika!"

Anausogeza uso wake mbele yangu, kama mtoto anayesubiri kupengeshwa kamasi. Nashika ile pamba, navuta. Inakuja, na haiishi. Inakuwa kamba, kamba inakuwa kitambaa cha rangi ya chungwa, na kitambaa nakijua: ni parachuti yetu, aliyoishona mwenyewe kwa cherehani ya mkewe huku akinizuia nisimwambie mtu. Inajaa kanisani. Inaifunika kwaya, inamfunika mwenyekiti na wasifu wake, na sauti zinafifia chini yake kama za watu waliofunikwa blanketi.

Ninapoipangua kutoka usoni, tuko Bahi, kwenye ule uwanda mkavu tuliouchagua kuirushia. Hakuna mtu. Roketi imesimama wima, nyeupe, na Mika anaizunguka akiipapasa kiunoni. Pamba imetoka yote, lakini sauti yake bado imeziba.

"Wewe si umesoma?"

"Unajua nimesoma."

"Sasa mbona unahangaika na pua yangu? Yangu imemaliza kazi." Anaipiga roketi kwa kiganja. "Yake, Mhehe mla mbwa wewe! Yake!"

Nikaamka nimekunja ngumi. Kulikuwa kumepambazuka, na mke wangu akauliza nagombana na nani. Nikaenda sebuleni, nikapitisha kidole kiunoni mwa roketi. Laini. Laini kama kaburi la tajiri. Fundi aliona matundu, akadhani ni kasoro, akayajaza pati na kuyapaka rangi; moja lilikuwa chini kabisa ya herufi H.

Nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikaanza kutoboa. Pati ikadondoka kama unga. Nilikuwa nimefungua mawili gari lilipopiga honi. Mwenyekiti alikuwa amekuja mwenyewe, ameshavaa tai.

"Samahani kwa hodi ya asubuhi na mapema, Mwalimu," akasema kwa sauti yake ya msibani. "Tumekuja kumchukua marehemu."

"Marehemu mlishamzika," nikamwambia. "Huyu bado anapumua. Kibali ninacho, na anakwenda Bahi."

Akafungua mdomo kunielewa tena. Nikafunga mlango, nikarudi ndani. Tundu moja lilikuwa limebaki. Nikalitoboa huku nikimtukana Mika kwa sauti, matusi ya kiutani, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.