Matairi Manne kwa Mguu Mmoja

Mpaka leo nikimwona mwanamume amechuchumaa kando ya gari, anabonyeza tairi kwa kidole gumba kama mtu anayenunua parachichi, damu hunichemka. Najua anavyojisikia. Anajiona mtu wa maana sana. Nami niliwahi kuchuchumaa hivyo wiki tatu nzima, na katika wiki hizo tatu mguu wa mama mkwe wangu ulikuwa unaoza.

Gari lenyewe nililinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Lilikuwa gari la mbio, viti viwili tu, paa la turubai, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Tumbo lake lilikuwa chini mno hata jiwe la ukubwa wa ngumi lilitosha kulikwaruza. Kila siku ya Mungu niliteremka nalo kutoka Kiogoro hadi dukani kwangu mjini, na siku ya soko nilikwenda nalo Mosocho, majora ya kitambaa yamefungwa kamba kwenye kiti cha abiria. Watu walicheka. Walisema nimepata mke wa pili asiyesema. Nikawaacha wacheke, kwa sababu nililipenda gari lile kupita kiasi, na hakuna mtu mwingine niliyemruhusu kushika usukani wake. Hata fundi wangu wa gereji alilisukuma tu.

Mama mkwe alijikata na jembe juu ya kifundo cha mguu. Kidonda kikavimba, kikaanza kunuka. Kwao ni kwenye kilima, kando ya njia ya kwenda Nyamira, mahali ambapo barabara inakuwa njia ya ng'ombe. Daktari wa hospitali ya mjini alimtazama mara moja, akasema mguu utapona, ila lazima usafishwe na adungwe sindano kila asubuhi kwa mwezi mzima. Vitanda havikuwapo, wagonjwa walikuwa wanalala wawili wawili. Kwa hiyo aje na kurudi. Kwa muda huo mhudumu wa zahanati ya karibu na kwao angeweza kumwosha kwa maji ya chumvi, lakini daktari alituonya tusichelewe, kwa sababu kidonda kikifika mfupani kitakachobaki ni msumeno.

Yeye kulala nyumbani kwangu Kiogoro lilikuwa jambo lisilozungumzika. Kwa Wakisii mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa bintiye. Hawapeani mikono, hawali wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Adabu hizo huitwa chinsoni. Baba yangu alikuja mjini na biashara kutoka mbali, mama yangu ni wa hukuhuku, na mimi nililelewa nyuma ya msikiti kati ya watu wa kila kabila. Chinsoni nilizijua kama mtu anavyojua sheria za nyumba ya jirani. Nilizishika nikiwa nimesimama uani kwao, nikizisahau nikishawasha gari.

Basi nikasimama mbele ya shemeji zangu nikatangaza kwamba gari langu ndilo litakalompeleka kila asubuhi. Shemeji zangu walinishukuru. Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tuoane.

Tatizo lilikuwa matairi. Yote manne yalikuwa na kipara, na mvua zilikuwa zimeanza. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Nilijaribu kupanda kilima kile mara moja, gari likageuka likatazama nilikotoka. Nikasema, nikipata matairi, kazi imekwisha.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Mhindi wa duka la vipuri alikuwa na aina moja inayoingia kwenye rimu zangu nyembamba, matairi laini, yenye mistari midogo kama ya daftari.

"Gari ya mbio nataka tairi ya mbio, bwana," alisema akiyapapasa. "Hii iko sawasawa kabisa."

"Ya mbio kwenda wapi?" nikamuuliza. "Lami iko wapi hapa?"

Akacheka. Nilitaka kumrukia. Kwenye baraza la duka lake palikuwa na wanaume wasio na kazi, na kila mmoja alikuwa na elimu ya matairi. Mmoja alisema nifunge minyororo. Mwingine alisema nitie ya lori nyuma, kana kwamba lori na gari lile vilizaliwa na mama mmoja. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na baiskeli.

Mtu aliyenisaidia alikuwa mshona akala wa Mosocho. Yeye alikuwa anakata matairi mabovu kila siku kutengeneza viatu, na alijua kila tairi lilivyokufa. Aliniwekea vipande mapajani, akanionyesha kwa ncha ya kisu.

"Hii imeisha upande moja, ilikuwa inasugua madigadi," alisema. "Hii laini imepasuka kwa mawe. Hii ya meno kubwa ndio inakaa. Lakini angalia meno isikuwe mrefu sana, gari yako iko chini."

Nikamwamini, na nilifanya vizuri kumwamini. Niliagiza Kisumu matairi ya meno makubwa, nikangoja. Yakaja mapana kupita kiasi, yakasugua madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, vilevile alivyosema. Nikayarudisha. Nikampigia kelele karani wa basi aliyeyaleta, maskini ya Mungu hakuwa na kosa. Nikangoja tena. Kila siku nilipima kwa kamba nafasi kati ya tairi na bati, nikachora, nikaota kashata, yaani yale meno ya tairi. Mke wangu alikuwa akipanda kilimani kila baada ya siku mbili kumsaidia mhudumu kuosha kidonda cha mama yake, anarudi na kuniambia kidonda kimepanuka. Namjibu kwamba matairi yanakuja Ijumaa.

Yalikuja kweli. Nikayafunga mwenyewe, na asubuhi iliyofuata, mvua ikinyunya, nikaondoka na mke wangu. Gari lilipanda. Wallahi lilipanda kama mbuzi. Matope yaliruka juu ya kioo, watoto wakakimbia kando wakipiga mayowe, na mimi kifua kilinijaa hata nikapiga honi bila sababu. Nikageuza uani, nikashuka, nikasimama kando na kutazama migomba, kama mkwe mwenye adabu, wakati wanamtoa nyumbani.

Nilisikia hatua zake, mguu mmoja na fimbo. Kisha zikakoma.

Nikasubiri. Nikamsikia anasema na binti yake kwa Kikisii, polepole. Nikageuka kidogo tu, nikamwona anaviangalia viti viwili vilivyoshikana, na gia katikati. Halafu akajigeuza akarudi ndani.

"Anasema atakaa wapi," mke wangu aliniambia.

"Pale! Kiti si kile?"

"Kando yako. Bega kwa bega mpaka mjini, watu wakiwaona."

Nilijua kwamba hawezi kulala nyumbani kwangu. Nilijua hata chai hawezi kunywa mbele yangu. Lakini gari si nyumba, nilikuwa nimejiambia, gari ni njia tu, na njiani watu wote hupita. Wiki tatu nilipima kila kitu cha gari lile isipokuwa upana wa kiti.

"Wewe ulikuwa unafikiri nini?" nikamfokea mke wangu.

"Nilidhani dereva tutamkuta huku," alisema. "Sikujua ni wewe."

Nikasema tutundike blanketi katikati. Nikasema nitafunika uso. Nikasema mgonjwa ni mgonjwa, adabu zingoje apone. Nilisema kwa sauti ya juu ili asikie ndani, na hilo peke yake lilikuwa kosa. Mke wangu akaingia, akatoka na jibu.

"Anasema asante kwa kuja. Anasema mguu ni wake, lakini aibu itakuwa ya watoto wake wote."

Shemeji zangu wanne hawakubishana. Walitoa kitanda cha kamba, wakamlaza, wakamfunika, wakateremka naye kwa miguu hadi hospitali ya mjini. Mke wangu alikwenda nao. Mimi nilifuata kwa mbali, gia namba moja, kiti kitupu pembeni yangu, matairi mapya yakinguruma kwenye matope bila kuteleza hata mara moja.

Na sasa niseme lile ninaloona aibu nalo. Kesho yake ningeweza kumpa fundi ufunguo. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Lakini nilikuwa nimekasirika. Nilijisemea, kama hawalitaki gari langu, wakae na kitanda chao. Nikaenda dukani kwangu, nikauza vitambaa, nikanuna. Walimbeba siku tatu. Siku ya nne mvua ilivunja daraja la magogo na mmoja wa shemeji zangu akaanguka akaumia bega, wakaacha. Nilinuna siku sita zote. Siku ya saba nilimpa fundi ufunguo bila kumtazama usoni, akapita njia ya mzunguko, akamleta vizuri, bila shida yoyote.

Daktari alifunua kitambaa akafunika tena. Wakamkata mguu juu ya goti.

Tulikaa kwenye baraza la hospitali, mimi na mke wangu, wakati mama yake akiwa ndani. Nilianza kulaumu. Nilimlaumu daktari kwa vitanda vyake, nikamlaumu Mhindi, nikawalaumu watu wa Kisumu kwa yale mapana, nikazilaumu mila za watu wake. Mke wangu alingoja mpaka nikaishiwa watu wa kulaumu. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Baba watoto," alisema, "wiki tatu ulihangaika na matairi. Siku ngapi zingetosha kunifundisha mimi kuendesha?"