Ushauri Nilioutoa Mtoni

Miaka ile ya Ujamaa nilifundisha chekechea Mtoni, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya tawi la chama. Mafunzo yangu yalikuwa ya majuma machache, na niliyabeba kama ndoo iliyojaa kichwani, sikutaka hata tone limwagike. Watoto walihesabia visoda vya chupa, wakapanga vipande vya mbao tulivyopewa na mafundi wa Keko, na saa nne wakanywa uji. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sina mtoto, na nilijua kila kitu kuhusu watoto.

Mama mmoja, mgeni kutoka Newala, aliniletea binti yake wa miaka minne. Mumewe alikuwa mchonga vinyago. Binti alikuwa na mdomo. Akipanga mbao alijisimulia, Kimakonde na Kiswahili humo humo, na akiwaamuru wenzake wakae, walikaa, ingawa nusu ya maneno hawakuyaelewa. Mimi nilikereka. Taifa lilikuwa linajengwa kwa lugha moja, na nilitaka darasa langu liwe mfano. Nikamwita mama yake, nikamwambia kuanzia siku ile nyumbani ni Kiswahili tu, la sivyo mtoto ataachwa nyuma akifika darasa la kwanza. Aliitikia, "Ndiyo, mwalimu," akapiga goti kidogo, akaenda zake.

Mtoto akaanza kupunguza maneno. Nilidhani ni adabu inaingia, nikamsifu mbele ya wenzake kwa utulivu wake. Mwezi wa pili baada ya hapo alikuwa akiomba uji kwa kidole. Siku moja alijikojolea kwenye mkeka kwa kuwa hakuomba kwenda nje, na hapo ndipo nilipoogopa.

Alasiri nikaenda kwao. Mama alikuwa uani akimwogesha. Alimgusa bega, mtoto akageuka. Alimgusa mkono, mtoto akauinua. Maji tu ndiyo yaliyosikika. Nikamuuliza kama huwa anaongea naye.

"Naongea naye, mwalimu. Njoo, kaa, kula, lala. Kiswahili changu cha sokoni tu. Cha kumsemesha mtoto sina."

Kwa maneno machache aliyokuwa nayo akanieleza kwamba zamani akimwogesha alimwimbia, akamsimulia habari za bibi yake na za mbuzi wa kwao. Yote hayo aliyaacha kwa sababu mwalimu alisema. Na baba wa mtoto alikuwa akirudi usiku, amechoka.

Niliona haya. Haya zangu huja na hasira, nikatafuta wa kumlaumu, lakini pale uani hapakuwa na mtu mwingine. Nikamwambia nilikosea. Sikuwa nimewahi kumwambia mzazi neno hilo. Nikamwomba aongee na mwanawe Kimakonde, chote alicho nacho, na Kiswahili mtoto atakipata kwangu na kwa wenzake.

Alitazama mlangoni kwanza. "Na balozi wa nyumba kumi akisikia?"

Nilimwambia balozi hana habari na kuoga kwa mtoto. Hakuniamini sana, akanikumbusha kwamba ni mimi mwenyewe niliyemkataza. Nikarudia kwamba nilikosea, na mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Basi akainama, akamwambia mtoto jambo refu kwa sauti ya chini, huku akimmwagia maji mgongoni.

Mtoto hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi, midomo ameibana, kama alivyokuwa akifanya darasani nikishika fimbo ya ubaoni.

Nikaaga. Nyuma ya uzio wa makuti nilisimama, jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya nyumbani kwa watu. Mama aliendelea kuongea peke yake kwa muda mrefu, akaimba kidogo. Kisha mtoto akauliza kitu. Mama akajibu, akaulizwa tena, na tena, mpaka akacheka. Mimi sikuelewa hata neno moja, na sikuthubutu kurudi ndani.