Mpini wa Upanga wa Deo

Ngozi mbichi ya mbuzi ikikaushwa juu ya moshi hutoa harufu yake yenyewe. Si ya nyama wala si ya uozo. Ni harufu nzito, ya mafuta, ambayo hushika nywele na nguo mpaka usahau kwamba anayenuka ni wewe. Msimu mmoja wa mvua, nikiwa darasa la tano, nililala na harufu hiyo, nikaamka nayo, nikaenda nayo shuleni, ambako msichana niliyekaa naye dawati moja aliomba ahamishwe. Mimi na mama tulikuwa tumehamia Muleba kwa mjomba Fideli, kaka yake mama, kwa sababu nyumba yetu ya Kitendaguro, nje kidogo ya mji wa Bukoba, ilikuwa imeangushwa na tetemeko la ardhi. Jikoni kwa mjomba, juu ya mafiga, palikuwa pametundikwa upanga. Usidhani lilikuwa panga la kukatia migomba. Ulikuwa upanga wa Kizungu, mrefu, wenye bapa lililonyooka na chuma kilichokingama chini ya mpini kama msalaba, na mpini wake ndio uliokuwa umefungwa ile ngozi. Mama aliutazama asubuhi, mchana na jioni kama mtu anayetazama chungu kilichokataa kuchemka.

Upanga wenyewe haukuwa wa kale. Baba aliwahi kuwa dereva wa padre mmoja mzee kutoka Ulaya, na siku padre alipofunga virago kurudi kwao, akamwachia. Ulikuwa mfano tu, uliotengenezwa kiwandani kwa sura ya panga za askari wapanda farasi wa zama za kati, butu kabisa. Usingeweza kukata hata jani la mgomba. Baba aliutundika sebuleni, na tangu siku hiyo ukawa wa kaka yangu Deo, ingawa hakuna aliyempa. Deo alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mwepesi wa kucheka, mchezaji mpira aliyesifiwa mpaka Miembeni, mjini. Kila Jumamosi aliuteremsha, akausugua kwa majivu na kitambaa, kisha akaniambia nisimame wima nitawazwe. Alinigusa bega moja, akanigusa la pili, akasema kuanzia leo mimi ni mlinzi wa kibanja chote, nyumba na shamba lake la migomba.

Tetemeko lilikuja alasiri ya Jumamosi. Mimi na mama tulikuwa kibanjani tukichambua maharage, na Deo alikuwa sebuleni akiusugua upanga. Kwanza ndege walinyamaza, halafu ardhi ikanguruma kama lori lililosheheni mawe likipita chini ya miguu yetu, na migomba ikatikisika bila upepo. Nilipoinua kichwa niliona ukuta wa sebule ukiinama polepole, kama mtu anayepiga magoti, kisha vumbi jekundu likafunika kila kitu. Mama alikwisha kukimbia. Alimfukua Deo kwa mikono yake, tofali baada ya tofali, na boriti ya paa ilipomwangukia begani hakusimama. Majirani walipofika walimkuta amemvuta mpaka kiunoni, lakini mguu wa kulia ulikuwa bado chini ya ukuta. Pembeni yake, katika vifusi, ulikuwepo upanga, na mpini wake umepasuka vipande.

Deo alilazwa kwanza Bukoba, kisha akapelekwa hospitali kubwa ya Mwanza, na baba akaenda naye. Mama hakuweza kusafiri. Bega lilikuwa limevunjika na mkono wake wa kushoto ulifungwa kifuani kwa khanga. Tulipohamia Muleba, mjomba alituletea mabaki ya vitu vyetu, na ndani ya gunia moja ulikuwemo ule upanga. Mama alipouona alisema utupwe chooni. "Kitu hiki ndicho kilichomweka ndani," alimwambia mjomba. "Bila hicho, mwanangu angekuwa nje na sisi." Mjomba hakubishana na dada yake. Alilisukuma gunia nyuma ya mlango wa jiko na kulifunika kwa kuni.

Ndipo baba akapiga simu. Nilikuwa nimekaa karibu na mama, na simu yake ile ndogo ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia karibu yote. Baba alisema Deo amekataa kula. Anageukia ukutani, haongei na manesi, haongei naye. Kitu kimoja tu anauliza: upanga uko wapi?

"Umemjibu nini?" mama akauliza.

"Nimemwambia ni mzima. Nimemwambia mtakuja nao."

"Ta Deo," mama akasema, yaani baba Deo kwa Kihaya, maana hivyo ndivyo alivyomwita baba kila alipokasirika au kuogopa, "mpini wake umevunjika vipande. Njia ya mwongo ni fupi."

"Basi utengeneze," baba alisema. "Nakuomba. Sina kingine cha kumpa."

Asubuhi yake mama aliondoa kuni, akalitoa gunia, akalimwaga uani. Tulipanda gari mpaka Bukoba, tukaenda kwa fundi wa kuchomelea pale Miembeni. Fundi aliugeuza upanga, akatuonyesha tatizo. Chuma kinachoingia ndani ya mpini, ambacho watu wa majembe hukiita msuka, kilikuwa chembamba kama kalamu na kilikuwa kimekatikia ndani. Kilichobaki kilikuwa kifupi kama kidole. Alichomelea kipande cha nondo, akatuonya kwamba vyuma hivyo viwili havipendani. Kweli, hatukufika hata Muleba. Mama aliujaribu kwa kuutikisa garini, na nondo ikadondoka sakafuni. Alikiokota kile kipande, akakitia mfukoni mwa gauni, akatazama nje ya dirisha mpaka tulipofika.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga walisema, lakini sikumbuki tumaini lolote katika majuma yale, nakumbuka ukaidi. Mama aliamua kuutia mpini mwenyewe, kama alivyotia mipini ya visu na majembe ya nyumba yetu miaka yote. Kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa, mikono yangu ikawa yake. Mjomba alitupa gogo kavu la mkahawa uliozeeka, mti mgumu unaoteleza kama mfupa ukishachongwa. Kwanza tuliupasha msuka moto mpaka ukawa mwekundu, tukausukuma ndani ya mti, na mti ukapasuka. Tukachonga mwingine, nao ukapasuka, kwa sababu ule msuka mfupi ulitaka nguvu nyingi mno. Viganja vyangu viliota malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine. Nikilia mama hakunibembeleza. Alisema tu, "Shika vizuri," na nilipomtazama niliona jasho limemjaa usoni kwa maumivu ya bega, basi nikashika vizuri.

Hatimaye alibadilisha njia. Tuliupasua mti nusu mbili, tukachimba mfereji katikati, tukaulaza msuka ndani kama mtoto kitandani, tukazikutanisha nusu zile kwa gundi na waya. Juu yake tukashona ngozi ya mbuzi iliyolowekwa, ili ikikauka ijikaze na kubana kila kitu. Lakini mvua ilikuwa haikomi. Ngozi ya kwanza mama aliiharakisha karibu na moto, ikajikunja na kupasuka. Siku ile baba alipiga simu akasema Deo ameanza kupandwa na homa kali, na kwamba madaktari wanataka kuongea na mama. Mama alitoka nje na simu, akasimama kwenye mvua ili nisisikie. Aliporudi alimwomba mjomba achinje mbuzi mwingine. Mjomba alikuwa na mbuzi mmoja tu aliyebaki. Alimchinja.

Tulisafiri mara tu ngozi ya pili ilipolia kavu ilipogongwa kwa kucha. Ulikuwa mpini mnene, mweusi kwa moshi, usio na uzuri wowote, lakini ukiushika upanga haukutikisika. Tuliufunga kwa majani makavu ya migomba na gunia. Mama aliupakata njia nzima, kwa mkono mmoja, hata kwenye kivuko ambako watu wote walishuka garini na kunyoosha miguu.

Langoni mwa hospitali mlinzi alilifungua gunia, akaruka nyuma.

"Mama, unaingia wodini na silaha?"

"Kaka yangu, si silaha. Hauna makali. Ni wa mwanangu mgonjwa."

"Hata kama. Hapa haupiti."

Mama alimweleza yote, kuanzia tetemeko mpaka mbuzi. Mlinzi alisikiliza, hakuwa mtu mbaya, na macho yake yalilainika, lakini alitikisa kichwa. Ndipo mama akauliza, "Na mpini peke yake?"

"Mpini ni mti tu, mama. Mti hauna shida."

Karibu na lango palikuwa na muuza machungwa. Mama alimwomba kisu. Alipiga magoti kwenye vumbi, akaukandamiza upanga kwa goti, akaanza kukata mishono tuliyoishona. Nilimshika mkono nikamwambia asifanye hivyo, nikamwambia tutamsubiri baba, nikamwonyesha makovu ya malengelenge viganjani mwangu. Aliendelea kukata. Waya ulipofunguka aliuchomoa msuka kutoka katika mti, akazibana nusu mbili kwa magoti na kuzifunga tena kwa waya na ngozi iliyosalia, akamrudishia muuza machungwa kisu chake na kumshukuru. Bapa aliliacha kwa mlinzi.

Deo alikuwa amebaki macho na mifupa. Harufu ya uozo kitandani mwake niliitambua, nikakataa kuiamini. Tulimwamkia baba, Deo akamwamkia mama, kisha mama akampa mpini. Aliugeuza, akaunusa.

"Huu si wenyewe."

"Ni ule ule," baba alisema haraka. "Umesafishwa tu."

Deo hakumtazama. "Mama?"

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. "Ulivunjika siku ile ile, mwanangu. Huu tumekuchongea mimi na mdogo wako."

"Baba aliniambia ni mzima."

"Ndiyo."

"Na mguu aliniambia ni mzima. Kwamba Krismasi nitacheza mpira." Alitutazama mmoja mmoja. "Basi na mguu niambieni."

Baba alikwenda dirishani akatugeuzia mgongo. Mama alimwambia kwa Kihaya, polepole, bila kuacha kitu: kwamba mguu umekufa, kwamba madaktari wanataka kuukata juu ya goti, kwamba kila siku inayopita uozo unapanda, na kwamba baba yake ameshindwa kutoa ruhusa kwa sababu ameshindwa kumtazama machoni. Deo akasema, "Tokeni." Huko nje, kwenye benchi la korido, mama alilia mbele yangu kwa mara ya kwanza, na baba alirudia maneno yale yale: nimemuua, nimemuua. Jua lilikuwa limeanza kushuka nesi alipotuita. Deo alikuwa ameukumbatia mpini kifuani. "Waambie wakate," alimwambia baba. "Lakini usinidanganye tena."

Walikata. Wakati wa kusafishwa kidonda Deo aliung'ata ule mpini mpaka ngozi ikafumuka, na sijui hatimaye uliishia wapi. Bapa hatukulipata, tulipotoka langoni palikuwa na mlinzi mwingine, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuulizia.

Sasa Deo ni mwalimu Buhembe, huko huko Bukoba. Ana mguu wa bandia unaomsumbua msimu wa mvua, na kibanja cha Kitendaguro kina nyumba mpya ya matofali ya saruji. Wakati ule niliamini kwamba taabu yetu yote ya kuchonga na kushona ilipotea bure kwenye vumbi la lango. Leo najua mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kifo kilikuwa kimeshafika mlangoni kwa kaka yangu kwa sababu ya upendo mwoga. Mwaka huu ugonjwa umemwingia mama. Daktari alituita pembeni, akatueleza, na baba, ambaye sasa ni mzee na hasikii vizuri, alitusihi kwa machozi tusimwambie. Deo hakubishana naye. Aliingia chumbani, akavuta kiti, akaunyoosha ule mguu wa bandia, akamshika mama mkono na kumweleza yote kwa Kihaya, polepole. Mama alifumba macho kidogo. Kisha akauliza imebaki miezi mingapi, na Deo akamwambia.