Njia ya Chini na Njia ya Juu

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Nachingwea, Msimamizi wa Magari alinipa ufunguo wa lori, akaniambia niketi ndani nisome geji ya kilomita kwa sauti. Nikaisoma.

"Huyo ndiye ng'ombe utakayemkamua hapa," akasema. "Mshahara wenyewe ni wa chumvi tu. Ukitaka kula, gurudumu lizunguke."

Nikasema Bismillahi, nikaondoka kwenda Mnero. Niliporudi jioni geji ilisoma vilevile. Ilikuwa imekufa siku nyingi, na Msimamizi alicheka mpaka akashika ukuta.

Vijana mnaoendesha magari makubwa leo mnaniuliza tulilipwaje. Tajiri, maana ndivyo madereva tunavyomwita mwenye magari, alichukua kandarasi ya kusomba mazao kutoka maghala ya vijijini hadi ghala kuu. Wenye mzigo walimlipa kwa uzito na umbali, naye akatulipa sisi kwa kilomita. Kilomita ya mzigo ilikuwa na bei kamili. Kilomita tupu, yaani ya kwenda au kurudi bila mzigo, ilikuwa nusu yake. Kusubiri foleni ya mzani hakukuwa na bei, na kukwama kwenye tope ndiyo kabisa. Ndiyo maana kila dereva alitamani zile safari chache za kupeleka mzigo Dar es Salaam. Ruponda, Chiola na Mnero zilikuwa safari fupi zenye mashimo marefu, na hizo ndizo nilizopangiwa mimi.

"Shehe hana haraka," alisema Msimamizi. "Mpeni njia za subira."

Waliniita Shehe kwa sababu nilisoma chuoni kwa maalimu kabla ya kwenda shule, na wakati wa swala ukifika nilisimamisha gari. Kaisi, dereva mwenzangu, mtu wa mzaha, alinipita akipiga honi: "Shehe, kwenye mkeka kilomita hazisogei!"

"Huko nako kuna anayezihesabu," nilimjibu.

Basi, kwa kuwa geji nyingi zilikuwa mbovu, tulikuwa na desturi ya kupima njia. Kila mwaka, kabla ya msimu wa korosho kufunguliwa, Tajiri alipanda pikapu yake yenye geji nzima pamoja na dereva mmoja aliyechaguliwa na wenzake. Walipita njia zote, na kipimo walichokubaliana ndicho kilicholipwa msimu mzima.

Mwaka niliochaguliwa mimi kulikuwa na maneno. Ng'ambo ya bonde, upande wa Ruponda, kuna kijiji nilikooa. Kinafikiwa kwa njia mbili. Ya chini inakatiza mto wa mchanga. Ya juu inazunguka kilima, na urefu wake unakaribia mara mbili. Tajiri alipima ya chini siku zote, kwa kuwa wakati wa kupima mto huwa mkavu. Masika yakija tulizunguka juu, na ile ziada tuliibeba wenyewe. Safari hiyo madereva waliapa kwamba mvua ikinyesha hawaendi tena. Tajiri naye akasema wakigoma anakifuta kijiji hicho kwenye safari zake. Korosho isiyofika ghala kuu haiingii mnadani, na ghala la kijiji lilikuwa linavuja. Jasho la mwaka mzima la watu wale, wakwe zangu wakiwemo, lingeozea humo.

Asubuhi Kaisi alinivuta pembeni. "Shehe, anzia kuhesabu hapa gereji kabla Tajiri hajapanda, zungusha kidogo na sokoni. Mungu anazijua shida zetu."

"Anazijua, Kaisi. Ndiyo maana siwezi."

"Haya, katuletee kipimo kitakatifu tufe njaa!"

Nilisikitika, maana alikuwa na watoto wengi na hakuwa mtu mbaya. Lakini maalimu alitufundisha kuogopa kipimo cha uongo kuliko nyoka.

Tajiri aliketi kushoto kwangu na karanga zake kwenye karatasi. Tulipofika njia panda akasema, "Pita chini."

"Tajiri, masika chini hakupitiki."

"Leo ni masika?"

"Hapana."

"Basi pita chini. Au unataka nikulipe kilomita za kwenda kumwamkia mama mkwe?"

Tukacheka wote wawili, nikashuka bondeni. Mtoni tuliwakuta akina mama wamefukua visima kwenye mchanga wanachota maji. Tajiri akatoa kichwa dirishani, akiwa na hakika ya kunishinda.

"Mama zangu, hapa gari linapita mwaka mzima, sivyo?"

Bibi mmoja aliweka kata chini. "Mwaka mzima? Baba, masika hapa mbuzi akiingia majini tunamwita marehemu." Akamtazama vizuri. "Kumbe wewe ndiye mwenye magari? Mwaka jana magunia yetu yalikungoja mpaka yakaota."

Wenzake wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Tajiri akarudisha kichwa ndani. Akasema, "Geuza. Twende juu."

Njia ya juu ilimpokea inavyopokea kila mtu. Karanga zilimwagika zote. Kichwa kikagonga paa, akashika kiuno.

"Hapa mnapita na mzigo?"

"Na mzigo, Tajiri, na tope."

Tulipofika kijijini alikubali kuweka vipimo viwili, cha kiangazi na cha masika, ila alibaki na swali moja. "Nani atasema njia ya chini imefungwa? Kaisi akiona wingu tu atasema masika."

Nikamwambia, "Wale akina mama. Mto ukijaa hawafukui tena mchangani. Siku wakihama mtoni, watupigie simu."

Akakubali. Kaisi aliposikia alishika kichwa. "Shehe, nimekutuma kilomita, umeniletea wakaguzi!"

Mvua kubwa ilipofika, simu ilipigwa. Mimi nilitangulia njia ya juu, Kaisi akanifuata nyuma na lori lake, huku akiimba. Magunia yote yalifika kabla ya mnada wa mwisho. Njia ilipokauka simu ilipigwa tena, tukashuka chini. Hakuna aliyedanganya, na Tajiri alilipa hivyo hadi alipouza magari yake.

Baadaye nilihamia Ruangwa kwa Mkandarasi wa Barabara, kusomba kokoto. Huko tulilipwa kwa tripu, na nilikaa mpaka mgongo ulipoomba ruhusa. Nilistaafu nikiwa mzima, alhamdulillah, sina kinyongo na yeyote.

Siku hizi mna vyombo vinavyohesabu kila mzunguko wa gurudumu, na bosi anawaona kwenye simu akiwa mbali sana. Ni jambo jema, maana mjadala umepungua. Kijana mmoja aliniuliza juzi, "Mzee, si mlikuwa mnapunjwa nyie?" Nilimwambia kuna mwaka tulipunjwa na kuna mwaka tulipata haki yetu. Ninyi nawaombea afya na breki nzima, na nawaombea bosi ambaye walau mara moja atapanda, aketi pale kushoto, agongwe na paa.