Kijiti cha Mshikaki

Binti yangu alipokwenda kufanya kazi Uarabuni aliniachia mbwa wake, na mbwa mwenyewe hakubali kujisaidia ndani ya ua. Basi kila asubuhi, magoti yaume yasiume, ilinibidi nimtoe. Tulishika njia moja hapa Kisauni, kutoka kwetu hadi uwanja wa shule na kurudi, mimi nimeinamisha macho kama mtu aliyeangusha sindano.

Chini palikuwa na kila kitu: mifupa ya kuku, wali uliochacha, vichwa vya samaki vimejaa nzi. Mbwa aliviona kabla yangu. "Acha! Tema!" Maneno hayo niliyasema mara nyingi kuliko sala zangu. Nilichoka.

Jumatatu moja, karibu na meko ya mchoma mishkaki, alinyakua kitu kabla sijavuta kamba. Nikasikia kimevunjika. Mara akaanza kujikwaruza mdomo kwa kucha, mate yenye damu yakimtoka. Nilipiga magoti mchangani nikampanua kinywa. Kijiti cha mshikaki kilikuwa kimekwama kwenye kaakaa, kutoka gego hadi gego. Kila nilipoachia taya ili nikivute, aliufumba mdomo.

Jirani yangu mwenye duka alikuwa akifungua milango. Ni mzee wa Kiislamu, na miaka yote akimwona mbwa huyu hukusanya kanzu akapita mbali. Sikumlaumu, kwa dini yake mate ya mbwa ni najisi, na siku hiyo sikumwita. Alikuja mwenyewe.

"Ana nini, mama?"

"Kijiti, mzee. Kimemkwama, na mikono yangu haitoshi."

Akanitazama, akamtazama mbwa. Kisha akakunja mikono ya kanzu.

"Haya. Nimshike wapi?"

"Hapa, taya zote mbili. Usimwachie."

"Simwachi, wallahi."

Mate yalimchuruzika hadi viwikoni, naye akageuza uso pembeni lakini mikono haikutikisika. Niliingiza vidole, vikateleza mara mbili. Mara ya tatu kijiti kikachomoka, kirefu kama kidole changu. Mbwa akapiga chafya, halafu akataka kukirudia.

"Nimekuchafua, mzee. Nisamehe."

"Maji yapo, na udongo upo. Nitaosha mara saba, yaishe."

Akaenda nyuma ya duka. Nilimsikia akimimina na kuhesabu kwa sauti, taratibu, nami nimekaa kwenye baraza yake nikimfuta mbwa damu mdomoni.

Jioni nilimwendea mchoma mishkaki nikamweleza. Alisikitika kweli. Kesho yake akaweka ndoo ya vijiti kando ya meko. Wiki nzima niliitazama ndoo ile: vijiti vitatu ndani, vingine vyote chini, na wateja wamesimama wanatafuna.

"Nawaambia, mama," alisema, "hawasikii."

Sikuwa na nguvu ya kugombana. Siku hizi tunapita njia ya makaburini. Ni ndefu zaidi na ina mwinuko, lakini huko watu hawali.