Laptop iligoma kuchaji, nikamgombeza Mama Tumaini bure

Wakuu, heshima kwenu nyote humu jukwaani.

Hii si chai. Yamenikuta mwenyewe mwaka juzi, na mkosaji ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu. Kipindi hicho nilikuwa shule moja ya sekondari huku Ileje, ndani kidogo kutoka Isongole. Umeme hakuna. Laptop nilikuwa nachajia kwa Mama Tumaini, mwenye kibanda cha jenereta pale centre. Binti yake, Tumaini, nilikuwa namfundisha form four.

Mama Tumaini ana utaratibu wake. Ukileta kitu anakibandika kipande cha plasta ya hospitali, anaandika namba kwa peni. Simu namba, laptop namba, chaja namba.

Mimi nilikubali plasta kwenye laptop tu. Chaja nilikataa, nikamwambia gundi yake inachafua. Na nilikuwa napenda kujiokotea vitu vyangu mezani mwenyewe. Ndivyo nilivyo, sipendi kushikiwa vitu.

Sasa mkuu wa shule akanipa kazi ya kuingiza majina ya watahiniwa wa form four. Watoto sitini na mmoja, na taarifa zao zote. Programu ya kuingizia ilikuwa kwenye laptop yangu peke yake.

Nikaingiza kumi na tisa, chaji ikaisha. Nikapeleka kwa Mama Tumaini kama kawaida. Baada ya masaa matatu narudi, nakuta asilimia ziro, na pale chini imeandika "plugged in, not charging".

Wakuu, nilipandisha hasira. Mbele ya wateja nikamwambia, "Mama Tumaini, hii jenereta yako imeniulia betri."

Akasema, "Mwalimu, mbona za wenzako zimejaa?"

Nikabeba vitu vyangu, na njiani kila niliyekutana naye nikamwambia pale wanaua vifaa. Wiki hiyo watu kadhaa wakahamishia simu zao kwa jirani mwenye sola ndogo ya simu.

Jumamosi nikapanda Noah hadi Mpemba, nikaingia Tunduma, nikavuka mpaka kwa miguu hadi Nakonde, upande wa Zambia. Fundi mmoja wa kule akachomeka chaja yangu, akatazama, akasema, "Battery naifwa, boss," yaani imekufa. Nikanunua nyingine used.

Nikachomeka. Plugged in, not charging.

Nikafanya yote mnayoshauriana humu. Nikatoa betri, nikabonyeza power sekunde thelathini. Nikauninstall driver ya betri, nikarestart. Nikasugua meno ya betri kwa kifutio cha penseli. Wapi. Ukichomeka inawaka vizuri, ukichomoa inazima hapo hapo.

Nikarudi kijijini nimenuna.

Jumatano mkuu wa shule akatangaza kuwa gari la wilaya linapita Ijumaa asubuhi kuchukua flash, na jina litakalokosekana, mtoto huyo hafanyi mtihani mwaka huu. Nilikuwa na majina arobaini na mawili bado. Niliogopa, sifichi.

Jenereta nyingine ya karibu haikuwepo, na sola ya simu haibebi laptop. Nikameza mate, nikaenda kwa Mama Tumaini.

Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Tumaini wangu umeshamwingiza?"

Nikamwambia bado.

Akanyoosha mkono. "Hebu lete chaja."

Akaipima kiganjani kama mtu anayepima nyama. "Hii siyo yako, Mwalimu. Yako ilikuwa nzito."

Nikataka kubisha. Chaja ni kampuni ile ile, rangi ile ile, pini inaingia vizuri. Akaigeuza mgongo, akaweka kidole kwenye yale maandishi madogo. "Wewe ndiye uliyesoma. Soma hapa."

Nikasoma. Ilikuwa wati sitini na tano. Chini ya laptop yangu imeandikwa tisini. Yaani moto ulitosha kuiwasha, ila wa kujaza betri haukubaki.

"Hii itakuwa ya Kibona wa kwaya," akasema. "Mara ya mwisho laptop yako ilipojaa, mlikuwa wote hapa. Mliokota wenyewe."

Nikaenda kwa Kibona, anafundisha kwaya kanisani. Nikamkuta na chaja yangu ameikunja vizuri kabisa. Akaniambia, "Kumbe? Mimi chaja naiona inabaki ya baridi siku hizi, nikamshukuru Mungu."

Tukabadilishana. Nikarudi mbio, nikachomeka kwa Mama Tumaini. Charging. Betri ya zamani nayo nikaijaribu, ikajaa. Haikuwa imekufa hata kidogo.

Alhamisi nilikaa kwenye benchi lake toka asubuhi mpaka jioni, jenereta inanguruma, naingiza majina. La kwanza nililoingiza ni la Tumaini, ingawa kwa alfabeti alikuwa wa mwisho. Ijumaa flash ilienda na watoto wote sitini na mmoja.

Ile Alhamisi jioni, kabla sijaondoka kibandani, niliomba radhi. Nilimsema mbele ya watu, kwa hiyo nikaomba mbele ya watu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Akasema, "Yameisha, Mwalimu. Lete chaja nikubandikie."

Funzo langu: laptop ikisema not charging, kabla ya kugusa driver wala kununua betri, geuza chaja, linganisha wati zake na za laptop. Na hakikisha ni yako.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila mwaka nasimama mbele ya form four nawaambia, "Soma swali mara mbili kabla hujajibu." Swali langu liliandikwa mgongoni mwa chaja, na sikulisoma hata mara moja.

Sasa hivi nipo Tunduma, umeme upo ukutani. Plasta bado ipo kwenye chaja, namba 14. Sijaibandua.

Haya wakuu, nani mwingine humu alishamlaumu mtu, kumbe kosa amelibeba mwenyewe kwenye begi? Karibuni tuchekane.