Kuhamia Tisini na Nane

Baba mdogo alikuwa na miguu mirefu, na kwa ajili ya miguu hiyo ndiye aliyekuwa akitumwa. Kiangazi kikikaza huko bara, ng'ombe wakianza kutafuna mifupa waliyookota njiani, wazee walikaa wakasema atangulie mtu akatazame malisho upande wa mtoni. Mtu mwenyewe ni baba mdogo. Alichukua kibuyu cha maji, fimbo na mkuki, akaondoka.

Mimi nakumbuka zaidi kurudi kwake kuliko kwenda. Alikuja amekauka midomo, na hakuna aliyemrukia kwa maswali, hata mama zetu. Alikaa, akaletewa maziwa, akanywa mpaka chini, akapangusa ndevu. Ndipo akaanza, na siku zote alianza na nyasi. Nyasi gani, na zinamfika wapi mguuni. Halafu maji. Halafu mbung'o, wale nzi wanaoua ng'ombe. Mwisho watu: nani ameshahamia huko, na wamepokelewa vipi.

Mara moja nilitaka kumfuata na ndama wangu, wa kike, mweupe, nilimpenda kama dada. Baba mdogo akakataa. Akasema anayetangulia haendi na mnyama hata mmoja. Ukiwa na mnyama utaitazama njaa ya huyo mmoja, hutaitazama nchi. Na wenyeji wakikuona na mnyama watasema umeshahamia bila kuomba, ugomvi umeanza kabla hujasalimia. Hilo kwetu sisi Waorma halikuwa jambo la kubishania. Mtoto alikua akilijua kama anavyojua kuingia nyumbani kwa mguu wa kulia.

Nimeanza mbali, najua. Nilitaka kusema habari za kompyuta.

Shule nilikwenda kidogo. Ng'ombe walihama, nami nikahama nao, mwalimu akabaki na jina langu. Kusoma nasoma, kuandika ndiko huku mnakoona. Baadaye ukame ulikuja ukamaliza ng'ombe wangu, hilo sitaki kulieleza leo, nikaja kukaa Garsen kwa mdogo wangu wa tumbo moja. Yeye alikuwa na akili. Aliuza ng'ombe wake wakiwa bado wana nyama, akawa mchuuzi, anapeleka madume Mombasa. Miaka ile ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni akapanga chumba kinachotazama barabara, akaleta kompyuta iliyokwisha kutumika, printa yake na jenereta. Watu walihitaji kupigiwa barua, mitihani ya shule, kadi za harusi. Zamani walikwenda Malindi kwa kazi hiyo, na barabara wakati ule ilikuwa na majambazi, magari yanasindikizwa na askari. Kwa hiyo chumba kile kilikuwa rehema.

Kazi yangu mimi ilikuwa jenereta. Niliitia petroli, nikavuta kamba, nikakaa nje juu ya kreti kuisikiliza. Ilikuwa na tabia ya kukohoa wingu likipita. Msicheke, nilihakikisha.

Ndani alikaa Mwalimu. Mpokomo wa Golbanti, kwa wakulima wa kando ya mto, amestaafu, mtu mrefu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Asubuhi alipiga kazi za wateja. Baada ya adhuhuri, jua likishawafukuza watu barabarani, mashine ilikuwa yake. Ndivyo walivyopatana na mdogo wangu.

Alikuwa akiandika nyimbo za kanisa lao, zile wanazoimba kwa Kipokomo. Nyingine zilikuwa kwenye vikaratasi, nyingi vichwani mwa akina mama wazee ambao kila masika mmoja alikuwa akipungua. Na hakuandika maneno tu. Juu ya kila mstari wa maneno alipanga sauti, do, re, mi, mistari minne, ya wanawake miwili na ya wanaume miwili, na kila sauti ilipaswa kukaa wima juu ya neno lake. Alizisogeza moja moja kwa kile kidude kirefu cha chini kwenye kibodi. Anabonyeza, anavuma kidogo, anabonyeza tena. Nilizisikia kila siku mpaka zikanishika. Siku moja nachota maji, mke wangu akaniuliza, "Wewe, umebatizwa lini?"

Jicho moja la Mwalimu lilikuwa limeshaingia ukungu. Hospitali walimwambia la pili liko njiani. Alikuwa amevuka nusu ya kazi, akasema, "Hili lililobaki nimelipa kazi moja tu. Limalize nyimbo, halafu lilale."

Sasa shida ikaja na wateja. Mtu analeta disketi kutoka Malindi, inaingizwa, haifunguki. Mwingine vilevile. Mkuu wa shule moja alirudi na mitihani yake mkononi, amenuna. Mdogo wangu akauliza huko na huko, akaambiwa: kompyuta ina programu moja iliyo mama wa zote, ndiyo inayoiendesha. Yenu ni ya tisini na tano. Wenzenu wameshahamia ya tisini na nane, na programu mpya ya kuandikia juu yake. Hameni.

Akatuita chumbani.

"Mwalimu, tunahama," akasema.

"Nani tunahama? Mimi niko sawa."

"Wateja wanarudi na kazi zao, Mwalimu."

"Wateja wanarudi kwa sababu jenereta ya kaka yako inakohoa."

"Usiniingize," nikasema mimi.

"Nyinyi watu wa ng'ombe," Mwalimu akasema, "mkikaa mahali miezi mitatu, matako yanawasha."

"Na nyinyi watu wa ndizi," mdogo wangu akamjibu, "mto unaingia ndani, unabeba kitanda, mmekaa tu mnasema utashuka."

Mwalimu akacheka, maana ni kweli, mto uliwahi kumbebea kitanda. Utani wetu na wao ndivyo ulivyo, unauma na hauachi kidonda. Lakini alipomaliza kucheka aliuliza jambo lake. Hizo nyimbo, zikihamishwa, sauti zitabaki juu ya maneno?

Mdogo wangu akasema hajui, ila atakwenda Malindi kuitazama hiyo programu kwa macho yake kabla ya kuamua. Mwalimu akaona hilo ni la haki. Akafungua droo, akatoa disketi, akaandika juu yake kwa kalamu.

"Humu nimetia wimbo mmoja. Waambie waufungue kwenye hiyo mpya, wautoe kwenye karatasi, uniletee hiyo karatasi. Sauti zikikaa mahali pake, hama hata kesho, mimi nitakubebea virago. Zisipokaa, ningoje nimalize."

"Nimesikia," mdogo wangu akasema.

Akaenda na gari la madume mpaka Malindi, akakaa huko, akarudi. Tulikutana chumbani. Mwalimu alitaka habari pale pale mlangoni, nikamshika mkono nikamwambia ngoja. Mdogo wangu akaletewa chai ya maziwa, akanywa mpaka chini, akapangusa mdomo. Wallahi nilimwona baba mdogo.

Akaeleza. Ameketi katika duka la kompyuta kuanzia linafunguliwa mpaka linafungwa. Kioo cha hiyo mpya kinang'aa, picha zake zimenyooka. Disketi za kila aina zinafunguka, ameona mwenyewe watu wanazileta. Mashine haikuganda isipokuwa mara moja, wakati wa kula. Amewauliza waliohama, mwenye chuo cha taipu na mwenye duka la picha, wote wamesema hawarudi nyuma. Na fundi amekuja naye, yuko hotelini anakula pilau.

Ilikuwa habari nzuri, imepangika. Mwalimu akanyoosha mkono.

"Karatasi yangu."

"Karatasi ipi?"

"Ya wimbo."

Mdogo wangu akafungua droo, disketi ikawa imelala mle mle alimoirudisha. "Sikuenda nayo."

"Hukwenda nayo?"

"Mwalimu, nilikuwa nakwenda kutazama. Mtu anayekwenda kutazama haendi na mnyama."

"Mnyama? Bwana we, hiyo ni disketi!"

"Ningekuwa nayo ningeutazama wimbo wako tu, nisiitazame ile programu yote. Na wale wa duka wangesema nimeshaleta kazi, wangeanza kunidai."

Alisema bila mzaha, na mimi nilimwelewa moja kwa moja. Hapo ndipo ilipo taabu. Wawili tuliokuwa na la kusema katika kile chumba tulikuwa tumelelewa na mtu mmoja, na Mwalimu alikuwa peke yake.

"Basi tuma tena," akasema. "Mpe mtu yeyote anayekwenda."

"Na fundi nimfanye nini? Barabara unaijua." Mdogo wangu akanigeukia. "Kaka, unasemaje?"

Nikasema nyasi nimezisikia, maji nimeyasikia, lakini mbung'o hajaulizwa. Mdogo wangu akasema mbung'o wa kompyuta ndiye yupi? Wakacheka wote wawili, yeye na fundi ambaye alikuwa amefika mlangoni akichokonoa meno. Kompyuta ilikuwa ya mdogo wangu. Akaamua. Nami nikatoka kuvuta kamba ya jenereta, kwa sababu ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Fundi alikuwa kijana wa heshima, sina baya juu yake. Nyimbo zote alizitia kwanza kwenye disketi ili zisipotee. Akaingiza sidii. Mashine ikazima, ikawaka, ikazima, mimi nje naiombea petroli. Alasiri ikatufikia hapo. Mwisho kioo kikang'aa kweli, kama tulivyoelezwa. Disketi ya mkuu wa shule ikajaribiwa, ikafunguka. Mdogo wangu akapiga makofi.

"Sasa nyimbo," Mwalimu akasema.

Nyimbo zikafunguka, hakuna hata neno lililopotea. Lakini zile sauti zilikuwa zimetembea. Do iliyokuwa juu ya neno la kwanza imekwenda kukaa juu ya la tatu, mstari wa wanaume umekatika, nusu yake imeangukia chini katikati ya maneno. Mimi sijui do wala re, lakini hata mimi niliona kwamba kundi limetawanyika. Akafungua wimbo mwingine, vilevile. Wa kumi, wa mwisho, vilevile.

"Irudishe ile ya zamani," akamwambia fundi, kwa sauti ya chini.

"Mzee, sidii ya ile programu yenu ya kuandikia iko wapi?"

Hatukuwa nayo. Kompyuta ilikuja nayo ndani yake. Fundi akasema na yeye huko Malindi ile hana tena, hakuna anayeitumia. Akasema dawa ni kuzisogeza upya, na akamwonyesha namna, tena kwa upole.

"Zote?"

"Zote, mzee. Moja moja."

Mdogo wangu alikuwa ameacha kupiga makofi. Akasema, "Mwalimu, saa za mchana ni zako kama kawaida, na za asubuhi chukua unazotaka. Nitatafuta mtu wa kuwapigia wateja." Alisema kwa moyo, namjua. Mwalimu akaitikia, "Sawa, bwana," akamsindikiza fundi hadi barabarani kama mgeni wake mwenyewe.

Siku iliyofuata alikuja baada ya adhuhuri. Nikavuta kamba, akakaa. Niliacha mlango wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo nilimwona. Aliusogelea uso wa mashine mpaka pua ikakaribia kugusa. Akabonyeza, akavuma, akabonyeza. Mstari wa kwanza ukakaa vizuri. Alipougusa wa pili, wa kwanza ukaondoka nao. Akaurudisha, wa pili ukateleza. Akavua miwani, akalifuta lile jicho kwa pindo la shati, akavaa, akaanza tena. Akaendelea hivyo kitambo, na kuvuma kukakoma.

Kisha akasimama, akakirudisha kiti chini ya meza vizuri, akatoka.

"Zima, jirani," akaniambia. "Unachoma petroli bure."

Nikazima. Alinyoosha shati lake, akavuka barabara kuelekea njia ya Golbanti, akatembea upande wenye kivuli. Hakurudi tena.